Ziara ya kanisani na msikitini Nairobi na watoto wadogo: uzoefu wangu

Swali lilitoka kwa Zuhura, mwenye miaka saba: "Mama, mbona Shosho haendi msikitini na sisi?" Shosho, yaani bibi yao, ni mama yangu, naye ni Mwanglikana. Kila Jumapili jioni huikunja skafu yake ya Umoja wa Kina Mama wa kanisani na kuilaza juu ya Biblia. Mimi nilisilimu nilipoolewa, na watoto tunawalea katika Uislamu. Nikaona swali hilo halijibiwi tukiwa tumeketi kwenye kochi. Twende tuone, tena Shosho awe pamoja nasi.

Mara ya kwanza nililipia ziara. Kampuni moja ya utalii ilikuwa ikitangaza mzunguko wa majengo ya ibada ya jijini, matano kwa siku moja, gari na kiongozi ndani yake. Sikufurahia, na nasema hivyo nikiwa na uchungu kwa sababu tulikuwa tumeweka akiba. Walitoza watoto sawa na watu wazima, hata wa miezi kumi anayekaa mgongoni mwangu. Gari lilichelewa zaidi ya saa moja. Kiongozi alikuwa msomi, lakini alizungumza na mimi na Baba Zuhura tu, miaka na majina ya magavana, huku Idi, mwenye miaka minne, akining'inia kwenye mkono wangu. Msikitini tulifika watu wameshapanga safu za adhuhuri, na yeye akataka tuingie "haraka haraka" tupige picha. Nilikataa. Kufikia mahali pa tatu watoto wote wamelala, na mbili zilizobaki tuliziona kupitia dirisha la gari.

Mwezi uliofuata tukapanga wenyewe. Mahali pawili tu, Jumamosi, kwa matatu na teksi. Hii ndiyo ninayowapendekezea wazazi wenzangu.

Tulianza All Saints Cathedral, kando ya Uhuru Park, saa tatu asubuhi. Saa hiyo ina sababu yake: Jumamosi ni siku ya harusi, na ukichelewa utakuta maua mlangoni na magari yenye riboni, na huwezi kuzungukazunguka na watoto katikati ya shughuli ya watu. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917 na kanisa likawekwa wakfu 1952. Nilimwambia Zuhura kwamba mtoto aliyezaliwa lilipoanza kujengwa alikuwa mtu mzima wa miaka 35 lilipowekwa wakfu. Alilielewa hilo kuliko tarehe yoyote.

Ndani, mawe ni ya kijivu na hewa ni baridi kidogo, halafu jua linapita kwenye vioo vya rangi na kuangusha vipande vya nyekundu na buluu sakafuni. Idi aliweka kiganja chake juu ya buluu, akakitazama kikibadilika rangi, akakiondoa, akakirudisha. Alifanya hivyo muda mrefu. Tulimwacha. Kiongozi wa ile ziara ya kwanza angekuwa ameshatuita garini.

Shosho ndiye aliyekuwa na hadithi yenyewe. Alimkalisha Zuhura kwenye benchi akamsimulia habari ya kina mama wa mwaka 1992. Mwisho wa Februari mwaka ule, kina mama ambao wana wao walifungwa kwa sababu za kisiasa waliketi Uhuru Park, hapo jirani, wakafunga kula, wakidai wana wao waachiliwe. Mwanaharakati Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa rungu na gesi ya machozi. Baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya polisi, na kwa mila zetu hiyo ni laana nzito. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadaye kina mama hao wakaja kwenye kanisa hili, nalo likawafungulia chumba cha chini. Walikaa humo karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wana wao wakatoka gerezani.

Sehemu ya kuvua nguo Shosho aliisema kwa sauti ya chini, na nilidhani Zuhura hataielewa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Shosho, wewe ungekuja kuketi hivyo kwa ajili yangu?" Shosho akamjibu, "Ningekuja na blanketi langu." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishi jijini miaka yote hii bila kumsikia mama yangu akilizungumzia jambo hilo.

Kutoka pale tulichukua teksi hadi msikiti wa Jamia, maana kuvuka Uhuru Highway kwa miguu na watoto watatu sikushauri mtu. Tuliwapa mandazi na ndizi kabla ya kuingia, nje, makombo yakabaki nje. Hili la chakula nalisisitiza: mtoto mwenye njaa haoni kuba wala mnara.

Kwa ambao hamjafika, msikiti huu uko karibu na City Market. Msikiti wa kwanza mahali hapo ulianza mwaka 1902, na jengo hili lenye kuba tatu na minara miwili lilijengwa kati ya 1925 na 1933. Wageni wasio Waislamu hukaribishwa nje ya saa za swala, wakivaa nguo za heshima, na wanawake wakifunika kichwa. Epukeni Ijumaa na watoto, watu hujaa mpaka barabarani. Gari la kusukumia mtoto liacheni nyumbani. Leso mgongoni inatosha, na mikono yako yote miwili inabaki huru.

Tulifika mapema, nusu saa na zaidi kabla ya adhuhuri, na hapo ndipo nilipojua tulikosea nini mara ya kwanza. Watoto wanahitaji kukuta mahali pakiwa tupu, kisha wapaone pakijaa. Idi alikataa kwenda na babake akabaki nami upande wa wanawake. Kwenye bomba za kutawadhia aliosha miguu mara tatu, akaanza tena. Bibi mmoja mzee aliyekuwa kando yake akaupunguza mfereji mpaka maji yakawa uzi mwembamba, akamwambia, "Mjukuu wangu, hata ukiwa mtoni usiyamwage maji bure." Mpaka leo anaoga akiwa ameufungua mfereji hivyo hivyo, uzi mwembamba.

Kisha mazulia. Zuhura alitembea juu ya mstari wa safu kutoka ukuta hadi ukuta akihesabu hatua, bila kiatu, bila kelele. Adhana ilipoanza akarudi mwenyewe kusimama karibu yangu, nami sikuwa nimemwita.

Baada ya swala tuliwapeleka kuwaona simba wa mawe wa maktaba ya McMillan, hatua chache tu kutoka msikitini. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Zuhura aliuliza kama Shosho angefukuzwa. Tukamwambia ndiyo, na babake Shosho pia. Alimtazama simba kwa hasira, sura ambayo sijawahi kuiona kwake. Saa nane tukawa kwenye matatu ya kurudi nyumbani, na hakuna aliyelia.

Nimeulizwa kuhusu sehemu nyingine. Hekalu la Wahindu la Swaminarayan, Forest Road, lililofunguliwa mwaka 1999, linafaa sana kwa wadogo kwa sababu ya nakshi zake. Jiwe la nje ni la manjano na ndani ni mbao zilizochongwa kila inchi. Wape kazi ya kutafuta tembo kwenye nakshi na watakaa kimya peke yao.

Kama mnasafiri kwa barabara ya Mombasa, simameni kwenye hekalu la Masingasinga pale Makindu, lililojengwa mwaka 1926. Asili yake ni Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli. Wanampa chakula bure msafiri yeyote, wa dini yoyote: chapati, dengu, chai. Mnavua viatu, mnafunika vichwa, mnaketi pamoja na watu msiowajua. Sharti ni moja, usibakishe chakula kwenye sahani. Mfundisheni mtoto aombe kidogo kwanza, akimaliza ataongezewa. Tuliacha sadaka kadiri tulivyoweza, ingawa hakuna aliyetudai.

Gharama ya Jumamosi yetu ilikuwa nauli, teksi, vitafunio na sadaka kidogo. Hailingani hata kidogo na tuliyolipa mara ya kwanza.

Jambo moja halikukaa vizuri moyoni mwangu. Tulipoingia Jamia, Shosho alibaki nje. Alisema miguu imechoka, akaomba tumwache aketi. Sikumbembeleza, nilidhani ni mambo ya dini na sikutaka kumtia aibu. Usiku, tukiosha vyombo, akaniambia amepita mbele ya mlango ule tangu akiwa msichana anayetumwa sokoni, na siku zote alijua kwamba yeye haruhusiwi. Hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo, hata mimi binti yake.

Jumamosi ijayo tunarudi, saa nne asubuhi. Nimemnunulia soksi nene kwa ajili ya miguu yake, na Zuhura amesema yeye ndiye atakayemshika mkono kuingia.