Kozi ya terminali hapa Mwanga, Kigoma: wiki nne, elfu sitini, na picha zangu zilizopotea

Wengi mnaniuliza ile kozi ya kompyuta niliyosoma hapa Mwanga ikoje, naandika mara moja ili niache kurudiarudia. Jina la kituo sitaji maana nina ya kulalamika na wale ni majirani zangu, nawasalimia kila asubuhi.

Mimi ni mtu wa studio, napiga pasipoti saizi na kuprinti. Laptopu yangu ilijaa virusi vya flashi za wateja mpaka fundi akaifuta Windows yote akaniwekea Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, akasema kaka utazoea tu. Sikuzoea. Kila nikiuliza kitu naambiwa fungua terminali andika hiki, nafungua naona kidirisha cheusi na kijimstari kinapepesa, nakifunga haraka kama nimefungua mlango wa choo kina mtu. Nikasikia kuna kozi ya hiyo terminali kwa wasiojua kabisa, elfu sitini wiki nne, jioni Jumatatu mpaka Alhamisi. Nikalipa.

Wiki ya kwanza nusura nidai hela yangu. Tulikuwa watu kumi na mmoja kompyuta sita, na siku ya kwanza kabisa mwalimu akagawa karatasi ya fotokopi ina komandi sabini na kitu, yaani amri za kuiandikia kompyuta, kariri, kesho mtihani. Yaani kama tebo ya darasa la tatu. Unakariri ls, cp, mv, grep, chmod wakati hata hujui ukishaiandika unabonyeza Enter. Kitu kimoja tu kilinisaidia, alieleza kwa nini majina ni mafupi hivyo: hizi komandi zina asili ya Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani ulioanza mwaka 1969 huko kwenye maabara ya Bell Labs Marekani, na enzi hizo walikuwa wanaandikia kwenye mitambo ya kuchapa, mizito na ya polepole, kwa hiyo kila herufi uliyopunguza ni nafuu. Linux yenyewe ikaja 1991 kwa mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, ikafuata mtindo uleule. Basi mtu akiona cp ajue ni kukopi tu, si uchawi.

Mwenzangu wa mashine moja alikuwa mzee mfanyabiashara wa dagaa anatokea Ujiji, anataka kujifunza kwa sababu mwanae anasomea mambo hayo. Siku tunafundishwa sudo, ile ya kuiambia kompyuta nafanya hili kama mwenye nyumba, ikaomba pasiwedi. Mzee anaandika, hakuna kinachotokea, si nyota si nukta. Akaandika tena kwa nguvu. Akainua kibodi akaitikisa, akaniambia mwanangu hii imekufa, mwite mwalimu. Kumbe ndivyo ilivyo, pasiwedi unaiandika gizani haionekani hata idadi ya herufi, ili aliye nyuma yako asihesabu. Hakuna aliyetuambia mapema, na kwenye ile karatasi ya sabini hilo halimo.

Wiki ya pili mwalimu akasafiri akatuachia kijana wake, na hapo ndipo kozi ilipoanza kwa upande wangu. Dogo hakugusa karatasi. Akasema tuandike mkdir tutengeneze folda inaitwa Tanzania, ndani yake Kigoma, ndani yake KigomaUjiji, ndani yake MwangaKusini, na pembeni ya KigomaUjiji nyingine inaitwa Kasulu. Halafu ingia kwa cd mpaka chini kabisa, andika pwd, inakujibu uko wapi, imeandikwa kama anwani ya barua ya mtendaji ila inaanzia juu kushuka chini. Sasa nataka kwenda Kasulu, nafanyaje? Tukakaa kimya. Akasema kutoka Mwanga huwezi kuruka, unapanda kwanza manispaa, unapanda mkoa, halafu unashuka Kasulu, kwa hiyo cd ../../Kasulu, kila nukta mbili ni kupanda ngazi moja. Aisee mzee wa dagaa alipiga meza. Na ukiandika kasulu kwa k ndogo inakwambia hakuna kitu kama hicho, maana huku herufi kubwa na ndogo ni watu wawili tofauti.

Halafu akatuonyesha kitufe cha Tab. Unaandika Mwa unabonyeza Tab inamalizia yenyewe MwangaKusini. Mshale wa juu unakurudishia komandi uliyoandika nyuma. Ukikwama kitu kinakimbia hakisimami, Ctrl na C. Ukifungua man kusoma maelezo ukashindwa kutoka, bonyeza q (mimi nilishawahi kuzima laptopu nzima kwa kushindwa kutoka mle, msicheke). Haya manne ningepewa siku ya kwanza ningesamehe karatasi yote.

Sasa lawama kubwa. Wiki ya tatu tuliambiwa tuje na kazi zetu wenyewe kwenye flashi, wazo zuri sana, nikaja na folda ya picha za wateja za siku mbili. Zoezi la kufuta. Nilitakiwa kuandika rm *.jpg kwenye folda ya majaribio, mimi nikiwa kwenye folda yangu nikaandika rm * .jpg, nikaacha nafasi baada ya nyota. Nafasi moja! Ile nyota peke yake maana yake ni kila kitu, ikafyeka mafaili yote halafu ndio ikanijibu kwa upole kwamba faili linaloitwa .jpg halipo. Nikatafuta kapu la taka, hakuna, rm haipeleki kapuni, inafuta moja kwa moja. Nikapiga simu kwa wateja kurudia picha, mmoja alikuwa ameshanyoa ndevu, akasema pasipoti yangu itoke na ndevu. Kosa la kidole ni langu, lakini kumwambia mwanafunzi alete mafaili halisi bila kumwambia kwanza ayakopi, na bila kumfundisha rm -i ambayo inakuuliza kabla ya kufuta kila faili, hilo ni la kwao na niliwaambia usoni.

Wiki ya nne nilirudi kwa hasira tu, na ndiyo iliyonilipa. Picha zangu kamera inaziita IMG_0412.JPG na kuendelea, nilikuwa nakaa usiku nabadilisha jina moja moja kwa mausi. Dogo akaniandikia mstari huu:

for f in *.JPG; do mv "$f" "pasipoti_$f"; done

Picha mia mbili na zaidi, kufumba na kufumbua. Akanieleza mstari unachukua faili moja moja la .JPG na mv inalibadilisha jina kwa kuliwekea pasipoti_ mbele, na zile alama za kunukuu ni za kulinda majina yenye nafasi, maana faili la "picha ya mama" bila alama kompyuta inaona ni vitu vitatu. Sasa hivi nabadilisha mwenyewe, badala ya neno pasipoti naweka tarehe.

Kwa hiyo hela nimetoa na kama una kazi ya mafaili mengi mkononi nakwambia nenda, ila uliza kwanza kama dogo ndiye anafundisha, dai kompyuta ya peke yako, na kopi ya flashi yako iache nyumbani. Mwenye kutaka kujua tu Facebook na kuandika barua ya maombi ya kazi hii haimhusu.

Cheti nimepewa Ijumaa. Kimeandikwa nimehitimu Word na Excel. Nimekirudisha, wanasema ndio fomu waliyonayo na wino wa rangi umeisha.