Mabuti ya mpira kwenye milima mirefu ya Kongo: uzoefu wangu

Nimejiwekea kazi ya kupanda milima yote mirefu ya nchi yetu, nikianzia na ile tunayoiona hapa Goma asubuhi, mawingu yakikubali. Orodha si ndefu ila ni nzito. Kuna kilele cha Margherita katika Rwenzori, mita 5,109, tunachogawana na Uganda. Kuna Karisimbi, mita 4,507, ulio mpakani na Rwanda, na Mikeno, mita 4,437, ulio wetu peke yetu. Halafu wadogo zao: Bisoke, Nyiragongo, na Kahuzi kule karibu na Bukavu. Safari zenyewe sitazisimulia hapa. Nataka kusema juu ya viatu, kwa sababu kila anayeniuliza habari za milima huishia kuuliza: sasa unavaa nini?

Navaa mabuti ya mpira. Yale yale meusi ya kwenda nayo shamba, yanayopangwa nje ya maduka ya Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kando ya majembe na ndoo.

Mama aliyeniuzia aliniangalia mara mbili nilipomwambia naenda nayo Karisimbi. “Papa, iyi njo mabote ya shamba, haiko ya mulima.” Nikamwuliza, mama, wale wanaobeba mizigo ya wageni mlimani wanavaa nini? Akacheka, akanipunguzia faranga kidogo.

Kuyachagua kuna namna yake. Jozi iliyoanikwa mlangoni iache, imekula jua. Kunja shingo ya buti kwa mikono miwili uitazame kwenye mwanga: mpira uliozeeka unaonyesha nyufa nyembamba kama nywele, na ufa wa namna hiyo ukikutana na maji ya Rwenzori ndiyo basi tena. Pitisha kidole gumba kwenye soli. Meno yawe marefu na yaachane, maana yakibanana hujaa tope na soli inabaki laini kabisa. Jaribu ukiwa umevaa soksi mbili, moja nyembamba na moja ya sufu, na kidole kimoja kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Ndani niliongeza kipande cha sponji ya godoro nilichokikata kwa kufuata unyayo wangu, kwa sababu kinachokuja na buti ni kitambaa tu. Jumla haikufika dola 15. Viatu vya ngozi vya mlima, hata vya mitumba, wanakutajia mara kadhaa ya hiyo, na huwezi kujua soli imekaa stoo miaka mingapi. Mwenzangu mmoja alinunua vizuri sana kwa kuviangalia. Kwenye tope la Bisoke mguu ulitoka na kiatu, soli ikabaki.

Sasa, yanafanyaje kazi? Kwenye milima ya maji hayana mpinzani. Kahuzi, mita 3,308, njia inapita kwenye mianzi na mizizi iliyolowa mwaka mzima. Unakanyaga tu bila kuchagua. Karisimbi niliupanda kwa upande wa Rwanda, ambako safari ya kawaida ni ya siku mbili na unalala kambini kwenye kama mita 3,700. Hadi kufika kambini ni tope na upupu. Upupu wa Virunga, safu hii ya volkano zetu, unapenya suruali vizuri sana, ila mpira haupenyi. Wenye viatu vifupi walikuwa wanajikuna goti hadi kisigino, mimi najikuna goti tu.

Lakini Rwenzori ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nilipitia Nyakalengija, upande wa Uganda, kwa kuwa njia yetu ya Mutwanga, upande wa Kongo, ni nzuri lakini hali ya usalama huko Beni tunaijua sote. Kati ya vibanda vya John Matte na Bujuku kuna kinamasi cha Bigo. Sehemu nyingine wametandika mbao, sehemu nyingine unaruka kutoka fundo moja la nyasi hadi jingine, na ukikosa unazama hadi chini ya goti. Hapo ndipo niliona tofauti. Kiatu cha ngozi kisichopitisha maji kinazuia maji mpaka yafike kwenye kifundo. Yakishaingia kwa juu, kinayazuia yasitoke. Jioni hakuna pa kukaushia, kwa sababu huko hata hewa imelowa, na asubuhi mwenye navyo anavivaa vile vile, baridi na vizito. Mimi mabuti yangu nilikuwa nayapindua, nafuta ndani kwa kitambaa, navaa soksi kavu, natoka. Ukitaka ushahidi zaidi tazama miguu ya wapagazi wa Kikonjo, wenyeji wa milima hiyo, wanaopanda huko na mizigo mgongoni. Mabuti ya mpira.

Mwisho wa mabuti haya ni barafu. Ukishafika kibanda cha Elena, mita 4,541, yaache hapo. Vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya kiatu vinataka soli ngumu; buti la mpira linakunjika, mikanda inalegea, na huo si mteremko wa kuchezea. Unahitaji viatu vigumu vya kukodi. Wakala mmoja alinikodishia vilivyonibana vidole, akaniambia vitapanuka. Havikupanuka. Vijaribu bondeni, ukiwa na soksi zako, usikubali kupewa kesho yake juu.

Barafu yenyewe inaondoka, hili linagusa hata swali la viatu. Luigi Amedeo, yule wa familia ya kifalme ya Italia aliyefika kileleni 18 Juni 1906, alikuta Rwenzori ina takriban kilomita za mraba 7.5 za barafu. Leo haifiki hata moja. Pale wazee walipopita juu ya barafu, sasa unashika kamba kwenye mwamba mtupu na wenye utelezi. Kwa hiyo kiatu cha kukodi kiwe na soli inayoshika jiwe pia.

Kwa Nyiragongo, volkano yetu, mabuti haya nayapa sifuri, na nasema hivi nikiwa mtu wa Goma ninayekaa juu ya mawe yake. Niliupanda kabla haujalipuka 22 Mei 2021, kutokea Kibati. Mlima wenyewe ni mita 3,470, na mwanzo wa njia ni msitu mtulivu unaokudanganya. Ukishatoka msituni unakutana na mawe ya moto wa mlipuko wa 2002, yale yenye makali, yanayobiringika chini ya mguu. Soli ya mpira ni nyembamba, kila jiwe unalihesabu kwa unyayo. Kwenye mwinuko wa mwisho kuelekea vibanda kifundo hakina cha kukishika. Na usiku, ukisimama ukingoni kutazama moto kule chini, uso unapata joto na vidole vya miguu vinaganda, maana mpira hauhifadhi joto. Nilirudi na jozi iliyokatwa pembeni sehemu mbili. Kwa mlima huo tafuta ngozi, hata ya mitumba, soli iwe imeshonwa.

Kasoro nyingine ni kushuka. Mguu unateleza kwenda mbele ndani ya buti na kucha za vidole gumba zinaumia. Dawa niliipata kwa vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: ule utepe wa mpira wa tairi wanaofungia mizigo. Nauzungusha mara mbili juu ya kifundo, nje ya buti, kabla ya kuanza kushuka. Mguu unatulia. Usikaze sana, damu ipite. Kucha zikatwe siku mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Harufu? Ipo. Usiku yaache nje ya hema, mdomo wa buti ukiangalia chini, mvua isiingie.

Mikeno bado, na kwa sasa naangalia tu kutoka mtaani kama kila mtu, vita ikiruhusu tutaona. Waliofika huko wanasema juu ni mwinuko wa mawe mtupu, hivyo nadhani nitabeba jozi zote mbili: mpira kwa msituni, ngozi kwa juu.

Kwa wauzaji wengi wa Birere namba zinaishia 45. Mwenye mguu mkubwa zaidi asihangaike na wenye majembe, aulize kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi; wao huleta makubwa kwa ajili ya watu wa machimbo.