Mesothelioma: mionzi ya siku tano au ya wiki tano?

Saratani hii ya utando wa mapafu, inayoletwa zaidi na vumbi la asbesto, si bonge moja la kulengwa. Husambaa kama ganda kuzunguka pafu, na hapo ndipo ugumu wa mionzi unapoanzia.

Mionzi ya kutuliza maumivu hulenga sehemu inayouma tu, mathalani mbavu zilizovamiwa na uvimbe. Katika jaribio la SYSTEMS la Uingereza wagonjwa walipewa jumla ya grei 20 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa mara 5, na karibu nusu ya waliofika wiki ya tano walikuwa wamepata nafuu. Unalala mezani dakika chache, unarudi nyumbani. Uchovu upo, ngozi huweza kuwa nyekundu. Maisha hairefushi, na daktari asikufiche hilo.

Mionzi ya upande mzima wa kifua hufuata upasuaji wa kubandua utando: takriban grei 50 kwa jumla, siku tano kwa wiki, wiki 5 au zaidi kidogo. Pafu bado limo humo humo. Likivimba kwa mionzi unakohoa na kuishiwa pumzi, na mara nyingine huua. Moyo, ini na umio viko jirani. Tena jaribio la MARS 2, lililochapishwa 2024, limetia shaka upasuaji wenyewe: waliopasuliwa na kupewa kemo (dawa za kuua seli za saratani) hawakuishi zaidi ya waliopewa kemo pekee, na madhara yao yalikuwa mengi zaidi.

Kwa mwenye maumivu, mimi ningeanza na ya kwanza bila kusita. Ukipendekezewa ya pili, uliza kituo hicho kimewatibu wangapi kwa njia hiyo, na pafu lako lingine lina nguvu kiasi gani.