Kamera ya mkanda: fungua mlango wa nyuma kabla hujatoa hela

Mwaka juzi nilinunua kamera ya mkanda ya mtumba hapa Dar, 350,000 nikatoa bila kubembeleza sana, maana ilikuwa inang'aa, lenzi safi, shata inalia tap tap, nikajiona mjanja. Nikaenda nayo Bagamoyo kwenye harusi ya binti wa mama mdogo, jua kali, nikapiga picha zote 36 kwa ubahili kama mtu anayepimia sukari Ramadhani. Mkanda ukasafishwa. Aisee, kila picha ina mstari mwekundu umemkata bi harusi kuanzia begani, mbili tatu hata kichwa hakionekani. Mama mdogo akaziangalia weee, akaniuliza, "Mwanangu, huyu anaungua?"

Kumbe sponji.

Habari za mikwaruzo na fangasi kwenye lenzi mnazijua, siziongelei. Mimi naongelea ile sponji nyeusi nyembamba iliyozunguka mlango wa nyuma, kazi yake kuzuia mwanga usipenye. Kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 70 na 80 zinayo, na sponji ile inaoza hata kamera ikikaa kabatini haiguswi, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu ndo usiseme. Inageuka kama lami. Chukua kijiti cha meno, pitisha taratibu kwenye mfereji wa mlango, kikitoka na uji mweusi unaonata basi ujue picha zako zitaungua. Halafu toa lenzi uangalie na kipande cha sponji pale juu kile kioo cha ndani kinapogonga ukipiga picha, kikioza vile vichembe vinadondokea ndani unaanza kuona uchafu kila ukichungulia. Ila pazia la shata, lile linalofunguka na kufunga mbele ya mkanda, usiliguse, nakuomba, hata kwa kidole.

Haya, ningenunua ipi.

Ya kwanza Pentax K1000, na ndiyo naipenda sibishani na mtu. Imetengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, kwa hiyo zipo nyingi na mafundi wameizoea. Haina mbwembwe, unazungusha spidi ya shata, unazungusha tundu la lenzi la kuingizia mwanga, unapiga. Betri ni ile ndogo ya kalkuleta na inaendesha mita ya kupima mwanga peke yake, ikifa unaendelea kupiga kwa kukisia. Kasoro yake mita haina swichi ya kuzima, kwa hiyo ukimaliza funika lenzi la sivyo betri inaliwa usiku kucha. Ukipata yenye neno Asahi pale juu chukua hiyo, za mwisho mwisho zimejaa plastiki. Sponji yake ikioza wala usihangaike: kwangua, futa kwa spiriti, kwenye mifereji bandika uzi mweusi wa kufumia sweta. Mimi yangu imetulia hivyo hivyo.

Ya pili Nikon FM2 ya 1982, spidi ya shata inafika sekunde 1/4000, kwa jua letu la saa sita hiyo ni raha, ila bei yake ni ya watu wenye mishahara.

Ya tatu Olympus OM-1, ndogo, tamu mkononi, shida ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena, ukiweka ya 1.5 mita inakudanganya.

Ya nne Canon AE-1, nayo ya 1976, ndo kila mtu anaitaka kwa sababu ya picha za Instagram. Sawa nzuri, lakini bila betri haipigi hata picha moja, na zikizeeka nyingi zinakohoa kila ukibonyeza, mafuta yamekauka ndani.

Zile za plastiki za bei chee nunua tu kama unataka ya kuchezea watoto.

Sasa wauzaji. Siku hizi kamera iliyokuwa ya babu kabatini ikifutwa vumbi inaitwa vinteji na bei inapanda mara tatu, bado mkanda wenyewe bei yake unaijua, bado kusafisha, na wanaosafisha wamebaki wa kuhesabu. Ukiomba picha ya mlango ukiwa wazi unatumiwa picha kumi za mbele. Mmoja nilimfuata mpaka dukani kwake, kushika tu mlango akanipigia kelele, "Dada usifungue utaunguza mkanda!" Mkanda gani, kamera tupu. Mwingine ana K1000 ananiambia hajaijaribu kwa sababu hana betri. Kaka, hiyo haihitaji betri kupiga, vuta ule mkono wa kusogeza mkanda, bonyeza, tusikie. Akakata simu.