Fundi wa Kariokor aliyezirekebisha buti za dada yangu

Dada yangu huvaa kifaa cha plastiki kinachoushika mguu wa kushoto kuanzia wayo hadi chini ya goti, na kila duka tuliloingia katikati ya jiji lilimwelekeza kwenye viatu vipana visivyo na umbo, kana kwamba mwenye ulemavu hapendi kupendeza. Ndiyo maana ninamsifu kwa dhati fundi mmoja wa viatu katika soko la Kariokor, Nairobi. Alitaka kwanza akione kifaa chenyewe. Kisha akatoa soli ya ndani ya buti ya kushoto ili kupata nafasi, akafumua mshono wa nyuma, akaongeza kipande cha ngozi na kutia zipu ndefu inayoshuka karibu na kisigino, hivi kwamba mguu usiokunjika kwenye kifundo huingia bila kusukumwa. Rangi ya kipande hicho imepishana kidogo na ya buti, jambo ambalo angeweza kuliepuka. Bei ilikuwa ya haki. Anayekwenda kwake achague buti zenye kisigino kifupi na kipana, kwa sababu kifaa cha aina hii hutengenezwa kwa kimo maalumu cha kisigino, na kisigino kikizidi kimo hicho, goti husukumwa mbele.