jack_iodelay: uzoefu wangu wa kupima ucheleweshaji wa kadi ya sauti

Kama unarekodi kwenye Linux juu ya wimbo ambao tayari upo, na kila gitaa jipya linatua nyuma kidogo ya mdundo, jaribu jack_iodelay kabla hujanunua kadi nyingine. Ni programu ndogo ya kupima ucheleweshaji kupitia JACK, mfumo unaopitisha sauti kati ya programu na kadi. Mimi sasa siianzi kazi na kadi yoyote bila kuipima hivi kwanza.

Draiva, yaani programu inayoendesha kadi, inajua bafa zake tu, sehemu sauti inaposubiri kwa muda. Fremu 256 (fremu ni sampuli moja kwa kila chaneli) kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 5.3, unajumlisha bafa za kurekodi na za kucheza, hesabu imekwisha. Lakini sauti inachelewa pia kwenye pakiti za USB, kwenye kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya kadi, na kwenye vichujio vya vigeuzi vya dijitali. Draiva ya kadi yangu haikuyahesabu hayo.

Kupima ni rahisi. Unachomeka waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi la kuingizia, unaiunganisha programu na milango hiyo miwili, nayo inatuma milio na kuisikiliza ikirudi. Zima spika kwanza, milio hiyo inakera sana. Kwangu ilionyesha ziada ya fremu 288 juu ya hesabu ya draiva, yaani milisekunde 6. Kwenye sauti ya mwimbaji huenda usizione, ila ukirudia gitaa lile lile mara mbili, mapigo yanaachana na ukali wote unapotea.

Programu inakupa pia namba ya kuweka kwenye vigezo -I (upande wa kuingiza) na -O (upande wa kutoa) unapowasha JACK. Kwangu 144 kila upande. Hapa kuwa makini: waya unapima safari nzima, kwenda na kurudi, kwa hiyo ziada inagawanywa nusu kwa nusu bila kujua upande upi unachelewesha zaidi. Kwa kurekodi juu ya wimbo haidhuru, kwani kinachotumika ni jumla. Kwa kulinganisha sauti na picha, nusu hiyo ni makisio tu.

Kasoro zake? Haina dirisha, ni maandishi matupu kwenye terminali, na sauti ikiingia kwa udogo inalalamika tu kwamba haisikii kitu. Ongeza kiwango cha kuingizia. Ukibadilisha kasi ya sampuli, pima upya. Kadi za USB nazipima tena hata nikizichomoa na kuzirudisha, maana namba huweza kuhama. Wanaotumia Ardour, programu ya kurekodi, wana kipimo cha aina hii ndani ya dirisha la mipangilio ya sauti, hawahitaji terminali.