Keki ya Miaka 15, Mlango wa Miaka 14: Uzoefu Wangu na Klabu ya Vijana Melini

Mwenye kutaka kujua ukubwa wa vyumba, idadi ya migahawa au kina cha mabwawa ya kuogelea atafute vipeperushi vya kampuni, kwa maana humo hakuna kilichosahaulika. Mimi nina jambo moja tu la kueleza kuhusu safari ya meli tuliyoifanya na watoto katika likizo iliyopita, nalo ni jinsi kampuni ile inavyowagawa vijana kwa umri, na jinsi mhudumu mmoja wa klabu yao alivyoutumia mgawanyo huo kumwaibisha binti yangu.

Meli ile ina klabu mbili za vijana, ya miaka 12 hadi 14 na ya miaka 15 hadi 17, na umri unaotambuliwa ni ule ambao mtoto anao siku ya kupanda. Binti yangu alipanda akiwa na miaka 14 akatimiza 15 tukiwa bado baharini, ilhali mtoto wa dada yangu, ambaye wamekua pamoja na kupishana naye kwa miezi tu, alikuwa ameshatimiza. Jioni ya mwanzo walikwenda pamoja kujiandikisha kwenye klabu ya wakubwa. Mmoja akapokewa, mwingine akabaki mlangoni.

Kama angezuiwa kwa ustaarabu, huenda nisingeandika lolote. Yule kijana wa kaunta aliipitisha kadi ya binti yangu kwenye mashine, akaigeuza skrini kuelekea kwenye foleni, akaweka kidole juu ya tarehe yake ya kuzaliwa, kisha akatangaza kwa sauti kwamba klabu ya watoto iko sitaha ya chini. Ya watoto! Mtoto wa miaka 8 angelisikia neno hilo na kuendelea na mambo yake, lakini msichana wa miaka 14, aliyezungukwa na vijana wa miaka 16 na 17 ambao angekutana nao kila siku kwenye ngazi na mezani, hawezi. Nilipomwomba aniitie msimamizi, alinijibu bila kuinua macho, "Kanuni ni kanuni, mama," akamwita aliyefuata.

Sisemi kwamba makundi ya umri hayana maana, na ningekuwa wa kwanza kupiga kelele kama kijana wangu mdogo, ambaye ana miaka 12, angewekwa usiku kwenye disko moja na vijana wanaokaribia utu uzima. Tena yeye alifurahia klabu yake kupita kiasi: wahudumu wa huko walimjua kwa jina mapema, na kama ilivyo desturi kwa vijana wa rika hilo melini, aliruhusiwa kuingia na kutoka mwenyewe bila mzazi kuja kutia sahihi, uhuru ambao ulimfanya ajione mtu mzima. Ningeulizwa kuhusu klabu hiyo peke yake, ningetoa nyota tano bila kusita.

Hata hivyo, mpaka kati ya rika na rika si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Kati ya kampuni nyingine za safari za meli, Carnival nao hukata kati ya miaka 14 na 15, Norwegian huwaweka vijana wote wa miaka 13 hadi 17 katika kundi moja, na Disney wana klabu ya miaka 11 hadi 14 na nyingine ya miaka 14 hadi 17, maana yake mtoto wa miaka 14 ana nafasi katika zote mbili. Inawezekana, basi, kukubali kwamba wenye umri huo hawalingani na kuwaachia wachague wanakojiona wanafaa. Kampuni yetu haikutaka hata kulizungumza.

Kisha ikafika siku yake ya kuzaliwa. Wakati wa chakula cha jioni wahudumu wa mgahawa walikuja wakiimba, wamebeba keki yenye mishumaa miwili, mmoja wa umbo la 1 na mwingine wa umbo la 5, na sisi hatukuwa tumemwambia mtu yeyote. Tarehe waliipata kwenye kumbukumbu zao wenyewe. Kesho yake alikwenda tena klabu ya wakubwa, safari hii akiwa na furaha, na mashine ikamkataa tena kwa kuwa umri wake umefungwa tangu siku ya kupanda. Msimamizi, ambaye hatimaye alipatikana, alitabasamu na kusema mfumo haumruhusu kubadilisha. Kwa hiyo katika meli moja binti yangu alikuwa na miaka 15 mezani na miaka 14 mlangoni, na hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeona ajabu. Jioni zilizobaki alikaa kwenye kiti cha korido akimsubiri mwenzake atoke, hadi mwenzake naye akaacha kuingia.

Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota tatu, kwa heshima ya wahudumu wa klabu ya wadogo. Kisha likaja jibu la barua yangu ya malalamiko, aya mbili za kunieleza upya kwamba umri huhesabiwa siku ya kupanda, jambo ambalo sikuuliza, na si sentensi hata moja kuhusu yule kijana wa kaunta. Nyota moja. Na pamoja na hayo yote, mwenye mtoto wa miaka 12 au 13 nitamwambia apande tu, atafurahi. Mwenye mtoto anayekaribia kutimiza 15 apate kwanza ruhusa ya klabu ya wakubwa kwa maandishi kabla ya kulipa, na wakimnyima, asogeze safari mbele hadi siku ya kuzaliwa ipite.